Kabla Hujalivalisha Gari Viatu Vikubwa

Ugonjwa huu una dalili zake. Mwenye gari anatoka nje asubuhi na kikombe cha chai, analizunguka gari mara mbili, analipiga tairi teke dogo la upande, anarudi nyuma hatua tatu na kufumba jicho moja. Kisha linamtoka lile neno: "Hivi vitairi ni vidogo." Kuanzia hapo halali. Kila Land Cruiser inayopita na matairi yanayomfika mtoto kifuani inamgeuza shingo, na wiki haiishi kabla hajasimama mbele ya duka la matairi, pesa mfukoni, kichwani hana namba hata moja.

Mwongozo huu nimemwandikia yeye. Simzuii. Njia zetu zinampa haki ya kutaka tairi kubwa, na mimi mwenyewe nimenunua. Ninachomwomba ni jioni moja tu kabla ya kununua, akae na kalamu, futi kamba, chaki na ndala. Ndala ina kazi yake, tutaifikia.

Mimi nilianzia magotini. Ilikuwa masika, njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka, mahali ambapo malori yalikuwa yamechimba mifereji miwili na kuacha tuta la udongo katikati. Hilux ilikwenda vizuri mpaka ilipokaa. Haikuzama, ilikaa, kama kuku juu ya mayai. Magurudumu yakazunguka, tope likaruka, gari halikusogea hata shubiri. Nilipoinama kuchungulia nikaona difu ya nyuma, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, limelalia tuta. Nyuma yake, juu ya tuta, difu ilikuwa imechora mfereji mlaini wenye upana wa bakuli la uji, umenyooka hatua nyingi kurudi tulikotoka. Kumbe hatukukwama ghafla. Tulikuwa tunakwama taratibu tangu mbali.

Tukachimba kwa chepe, na kama kawaida kila aliyekuja kusaidia alikuja na ushauri. Uliorudiwa zaidi ulikuwa huu: "Kaka, nyanyua springi." Ni ushauri mzuri kwa mambo mengine, lakini kwa difu ile si dawa. Ukiweka springi ndefu, bodi inapanda, bampa inapanda, hata wewe dereva unapanda na kuwaona watu kwa juu. Ekseli inabaki pale pale. Urefu wake kutoka ardhini unatokana na kitu kimoja tu, nao ni umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi chini, yaani nusu ya kipenyo cha tairi. Difu haipandi mpaka tairi lipande. Ndiyo maana jioni ile, tope bado halijakauka kwenye suruali, niliamua kujifunza kipenyo.

Chuchumaa ubavuni mwa tairi lako, futa vumbi kwa kiganja, usome. Langu lilisema 265/65R17. Ukilitazama andiko hili vizuri utaona limeandikwa na watu ambao hawakuwahi kukubaliana kipimo. Ile 265 ni upana wa tairi, kwa milimita. Ile 65 si milimita, ni asilimia. Ile 17 si milimita wala asilimia, ni inchi. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani akuletee kibaba cha mchele, pishi ya maharage na kilo ya sukari, halafu umuulize kapu lina uzito gani. Na ile R katikati, ambayo nusu ya wateja huapa kuwa ni rimu, ni alama ya radiali, aina ya tairi ambalo nyuzi zake za ndani zinakatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Michelin waliusajili ufundi huo mwaka 1946. Kwenye hesabu yetu R haina kazi, iruke.

Anza na ubavu, kwa sababu ndipo watu wanapoteleza. Ile 65 inakuambia kwamba kimo cha ubavu, kuanzia ukingo wa rimu hadi tairi linapogusa ardhi, ni asilimia 65 ya upana. Asilimia 65 ya 265 ni milimita 172.25. Ubavu uko juu na uko chini, kwa hiyo zidisha kwa 2, unapata 344.5. Sasa igeuze rimu kuwa milimita: inchi moja ni milimita 25.4, inchi 17 ni 431.8. Jumlisha. Tairi langu lilikuwa na kipenyo cha milimita 776.3, sawa na inchi 30.6 hivi. Hesabu imekwisha. Haikuhitaji kikokotozi cha bei wala mtoto wa kidato cha nne, na ukiirudia mara tatu huisahau tena.

Nakuomba uirudie mara hizo tatu kwa mfano huu, kwa sababu utakuponya na uvumi mmoja mkubwa. Chukua 265/70R16, halafu 265/65R17, halafu 265/60R18. Mitaani wanasema ya 18 ni kubwa, ya 17 ni ya kati, ya 16 ni ya kinyonge. Piga hesabu: 777.4, 776.3, 775.2. Tofauti kati ya "kubwa" na "kinyonge" ni milimita mbili na kidogo, na mshindi ni yule wa kinyonge. Kilichokua ni rimu, tairi lenyewe halijakua. Aliyepandisha rimu kutoka 16 kwenda 18 kwa vipimo hivi amepunguza kimo cha ubavu kwa milimita 26 na nusu, yaani amepunguza ule mpira ambao ungemeza jiwe kabla jiwe halijaifikia rimu. Kwa mtu wa lami hilo halina shida, na gari linatulia kwenye kona. Lakini mtu wa Engaruka anayetaka kupunguza upepo ili tairi litandaze unyayo wake mchangani, amenunua urembo na kuuza mto wa kulalia.

Kuna maandishi mengine utakayokutana nayo. Land Cruiser za watalii zilizojaa Arusha nyingi huvaa 7.50R16. Hapo upana ni inchi 7.5 na asilimia haikuandikwa, kwa hiyo hesabu yetu haipiti moja kwa moja. Linalokaribiana nalo ni 235/85R16, lenye milimita 805.9. Litazame hilo la 7.50R16 likiwa limesimama peke yake: refu, jembamba, halina mbwembwe, na limebeba watu mpaka ndani ya Serengeti miaka nenda rudi. Aina ya tatu ni 31x10.5R15, iliyo ungwana kabisa, kwani namba ya kwanza ndiyo kipenyo chenyewe kwa inchi. Unasoma, unaondoka.

Sasa twende dukani, maana huko ndiko hesabu inakopata maadui.

Duka nililoingia, kijana aliyenipokea alikuwa mcheshi na mwenye haraka. Alinionyesha 285/70R17, akalipiga kofi kama fahali mnadani. "Kaka, vaa hii. Gari linapanda inchi mbili papo hapo." Nikaomba karatasi. Asilimia 70 ya 285 ni 199.5, mara mbili ni 399, jumlisha 431.8, ni milimita 830.8. Toa 776.3 yangu, zinabaki 54.5. Inchi mbili na ushee. Kijana hakudanganya kuhusu kipenyo. Alichosahau ni kwamba ekseli imekaa katikati ya tairi. Nusu ya nyongeza iko chini ya ekseli, hiyo inakunyanyua. Nusu nyingine iko juu ya ekseli, hiyo inaitafuta mudgadi. Difu yangu ingepanda milimita 27, siyo 54. Ukitoka na jambo moja tu kwenye mwongozo huu, toka na hili: nyongeza ya kipenyo igawe kwa mbili kabla hujafurahi.

Milimita 27 si haba. Ningezichukua kama zingekuwa za bure. Lakini gari lina daftari lake la madeni, nalo linaandika kila kitu kwa asilimia ile ile. Gawanya 830.8 kwa 776.3, unapata 1.07. Asilimia 7, na hiyo saba inakufuata kila mahali. Spidomita ikisema 50, gari linakwenda 53.5, ikisema 80, ni 85.6. Kiwandani spidomita huwekwa zisome juu kidogo ya mwendo halisi, na kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza zisome chini, lakini ule upendeleo mdogo ndio unaoliwa na tairi kubwa. Mwenye kujua vijiji vyetu vya barabarani, kibao cha 50 na tochi ya trafiki nyuma ya mwembe, ataelewa kwa nini naliweka hili mbele. Washa programu ya mwendo kwenye simu, isome setilaiti, ulinganishe na dashibodi. Ni kazi ya dakika tano.

Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu. Ukitembea 1,000, gari linaandika 934. Ukingoja 5,000 za kumwaga oili, umeshafika 5,350. Na hapo ndipo mtu anapolia kwamba tairi jipya limeligeuza gari lake kuwa mlevi wa mafuta, kumbe sehemu ya ulevi ni ya daftari: lita ni zile zile, kilomita zimeandikwa chache. Zidisha kilomita zako kwa 1.07 kwanza, ndipo ulilaumu gari.

Deni linaloniuma zaidi ni la nguvu. Tairi refu ni sawa na kurefusha gia zote kwa pamoja. Kama difu yako ina uwiano wa 4.1, ukivaa tairi lililozidi kwa asilimia 7 unaendesha kana kwamba una 3.83. Tambarare hutaona kitu. Panda mlima ukiwa na gunia kumi nyuma, utaona: gia ya tatu iliyokuwa inatosha inaanza kunung'unika, unarudi ya pili. Hata kule kutambaa juu ya mawe, ambako ulitaka gari liende polepole kuliko kinyonga, sasa linakwenda haraka kidogo kuliko unavyotaka. Breki nazo zinashika gurudumu lile lile kwa nguvu ile ile, lakini zinapambana na mkono mrefu zaidi, na nguvu inayofika ardhini inapungua kwa asilimia 6 na nusu hivi. Juu ya hapo tairi lenyewe ni zito zaidi. Mafundi wengi wanaojiheshimu hushauri usivuke asilimia 3 kama hutaki kugusa kitu kingine chochote kwenye gari, na sasa unajua kwa nini.

Nikamwomba kijana vipimo viwili vingine, 285/65R17 na 265/70R17. La kwanza lina milimita 802.3, la pili 802.8. Urefu ni ule ule. "Basi chukua pana, kaka, linapendeza." Linapendeza kweli. Lakini kwa rimu ile ile, milimita 20 za ziada za upana zinagawanywa, 10 kwenda nje na 10 kwenda ndani, kule ndani ambako kuna shokapu, mikono ya stelingi na plastiki ya mudgadi. Ningelipia upana huo kwa nafasi, nisipate hata nusu milimita ya kuinua difu. Nikabaki na 265/70R17. Nyongeza ni asilimia 3.4. Ndiyo, imevuka ile 3, na niliivuka nikijua.

Nusu ya tofauti yake ni milimita 13 na robo. Rafiki yangu aliposikia alicheka: umesafiri mpaka mjini kutafuta milimita 13? Hapo ndipo ilipokuja hesabu ambayo wengi hawaifanyi kabisa. Lile 776.3 ni la tairi jipya. Langu halikuwa jipya. Meno yake yalikuwa milimita 11 nilipolinunua, na siku ile nilipochomeka kijiti penye mfereji wa meno na kukipima kwa rula, zilibaki 3. Milimita 8 zilikuwa zimeachwa barabarani, kwenye rasta za huku na huko. Nane juu, nane chini, tairi lilikuwa limefupika hadi milimita 760 hivi. Maana yake ni kwamba kabla ya kuongeza namba yoyote, tairi jipya la kipimo kile kile cha zamani lingenirudishia milimita 8 chini ya difu. Na ndicho kinachowadanganya wengi: wanavua tairi kipara, wanavaa jipya kubwa, wanaona gari limepanda sana, wanalisifu lile kubwa kwa kazi ambayo sehemu yake ilifanywa na upya. Kwangu mimi, 8 za upya na 13 za ukubwa zilifanya 21. Penseli tatu zilizolazwa moja juu ya nyingine.

Chaki inaingia hapa, kwa asiyeamini karatasi. Jaza upepo wa kawaida, weka mzigo wa kawaida, egesha mahali tambarare. Chora mstari wa chaki chini kabisa ya tairi, mstari huohuo uendelee sakafuni. Mwambie mtu asogeze gari polepole, moja kwa moja, mpaka alama ya tairi irudi chini. Chora tena sakafuni. Pima, gawanya kwa 3.14. Mimi nilipata mita 2.32, yaani kipenyo cha milimita 739 hivi, nikadhani nimekosea. Sikukosea. Tairi lililobebeshwa gari limebonyea chini, kwa hiyo mzunguko wake mmoja unakula ardhi fupi kuliko duara kamili. Kwa sababu hiyo linganisha karatasi na karatasi, chaki na chaki, usichanganye. Na ufanye hivyo hata kama namba zinafanana, kwani matairi mawili ya kipimo kimoja kutoka viwanda viwili huweza kupishana kwa milimita kadhaa.

Sasa ndala. Ndala za kizamani za sponji zina kisigino kinene. Yangu niliipima kisigino, milimita 22. Tairi langu jipya lingezidi la zamani kwa 21 pande zote, kwa hiyo palipopita ndala lingepita tairi. Nikapandisha gurudumu moja la mbele juu ya jiwe pana ili springi ibonyee, mwanangu akakata usukani mpaka mwisho kushoto, mimi nikapitisha ndala kati ya tairi na kila kilicho karibu nalo: nyuma karibu na mlango, mbele karibu na bampa, juu chini ya mudgadi. Kisha kulia. Kisha jiwe likahamia upande wa pili. Mahali pamoja ndala ilibanwa, nyuma ya gurudumu la kulia, kwenye plastiki. Fundi aliivuta plastiki nyuma kwa skrubu mbili kabla sijanunua chochote. Jirani yangu aliyechukua 285 bila ndala, kila akikata kona ya kuingia nyumbani tunasikia mlio wa nazi ikikunwa kwenye mbuzi. Watoto wake wanajua baba amefika.

Mawili ya mwisho nitayasema haraka. Pembeni ya kipimo kuna namba ndogo na herufi, kwangu 112S. Ile 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. Jipya lisiwe na namba ndogo kuliko hiyo, hata likiwa refu kama nyumba.

Na nunua matano. Wengi hununua manne, spea wanaiacha ya zamani, wakijiambia ni ya dharura tu. Lakini dharura hutokea kule kule kwenye tope, umeingiza foo-wili. Tairi la milimita 776 linazunguka mara 410 kwa kilomita. La 803 linazunguka kama mara 396. Ukiyafunga mawili hayo kwenye ekseli moja, kila kilomita difu inalazimika kumeza mizunguko 13 au 14 ya ugomvi, na ukiwa umefunga loki ya difu haina pa kuimeza. Kabla ya kununua la tano, ingia chini ya gari upime pia kitanda cha spea. Langu liliingia, likabaki na nafasi ya kidole.

Masika yaliyofuata nilirudi Engaruka. Tuta lilikuwepo, labda refu zaidi. Nilipunguza upepo kidogo, nikaingia gia ya pili, nikapita bila kukanyaga mafuta kwa hasira. Upande wa pili nikasimamisha gari, nikashuka na kurudi kwa miguu kutazama. Mstari wa difu ulikuwepo bado juu ya udongo. Mwaka uliopita ulikuwa na upana wa bakuli la uji. Sasa ulikuwa wa kijiko.